Mfawidhi Aliyeacha Kufunga

Wiki ya tatu ya kuamka saa kumi alfajiri kusali, nilimwambia Mfawidhi. Nilikuwa nimejizuia kwa siku nyingi, maana najua sala haitakiwi kutangazwa, lakini asubuhi ile tulikuwa wawili tu katika chumba cha sindano, tunapanga chupa za chanjo kwenye kibebeo, na moyo wangu ulitaka kusifiwa. Nikamweleza kwamba siku hizi sijui usingizi wa alfajiri. Naamka, napiga magoti saa nzima, nasoma, naandika.

Hakuacha kupanga chupa. Akauliza, "Na mwalimu anasemaje?"

Mwalimu ni mume wangu.

"Hajasema kitu, Mama."

"Umemuuliza?"

"Sala zangu na yeye zinahusianaje?"

"Unaishi naye." Akafunika kibebeo, akanitazama kwa juu ya miwani. "Mimi nakuona hapa kazini tu, na wiki hizi tatu umeniitikia vibaya kuliko mwaka mzima uliopita. Huko nyumbani sijui. Ndiyo maana nauliza."

Sikusema naye mpaka mchana. Na yeye hakunibembeleza. Mchana alinimegea nusu ya muhogo wake wa kuchemsha, akaniambia mgonjwa wa mwisho kwenye benchi ana homa kali, nimtangulize. Kwake mambo yalikuwa yameisha.

Ndivyo ilivyokuwa kufanya kazi chini ya yule mama. Mimi nilipangiwa Tarime kutoka Njombe nikiwa muuguzi mpya, sijui Kikurya hata neno moja, na zahanati yenyewe ilikuwa vyumba vitano juu ya kilima, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Nyanungu. Yeye ndiye aliyekuwa mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, na cheo hicho kilikuwa kimemeza jina lake kabisa. Wazee waliomzidi umri walimwita Mfawidhi. Watoto wa shule walimwita Mfawidhi. Hata mumewe, mtu mpole aliyelima kahawa na kusema kidogo, alikuwa akifika mlangoni anauliza, "Mfawidhi yupo?"

Kwa umbo alikuwa mfupi, mpana, mwenye hatua za haraka. Sauti yake ilitoka chumba cha kwanza ikafika cha tano bila kupungua. Alivaa raba nyeupe za wanaume kwa sababu, alisema, viatu vya wanawake vimetengenezwa na watu wasiotembea. Alisali Jumamosi, mimi Jumapili, na katika miaka minane hatukuwahi kubishana juu ya siku. Tulibishana juu ya kila kitu kingine.

Jambo lililomtofautisha na watu wengi wa dini niliowajua ni kwamba alijaribu mambo na kuyapima. Wengine wakisikia kuna namna mpya ya kusali wanaikimbilia, au wanaikataa. Yeye alisema, "Ngoja nione," kisha akaishika mwezi, miezi miwili, akijichungulia kama anavyomchungulia mgonjwa aliyeanzishiwa dawa. Ikimfaa anabaki nayo. Isipomfaa anaiacha mchana kweupe, na kukuambia sababu hata kama hukuuliza.

Alijaribu kimya. Mgeni mmoja aliyepita kufundisha semina ya kanisani kwao alikuwa amewaambia kwamba nusu saa ya kukaa kimya kila siku husafisha moyo. Mfawidhi akaamua saa saba mchana, tukila, yeye atajifungia ofisini. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili ikapita. Siku ya nne, mhudumu wetu wa usafi na dereva wa bodaboda walikaa nje ya dirisha wakijadili mechi ya jana yake, na dereva akasema bao la pili lilikuwa la kuotea. Dirisha likafunguka kwa kishindo. "Kuotea wapi? Beki wa kushoto alikuwa amelala kule kwenye kona, wewe ulikuwa unatazama nini?" Alijadili mpaka nusu saa ikaisha, kisha akatoka akicheka mpaka machozi. "Kimya si changu," akasema. "Nilikuwa nakaa mle ndani namhukumu kila anayeongea."

Alikuwa mpenzi wa mpira kupita kiasi. Redio ndogo ilikaa kwenye droo ya dawa za minyoo, na Jumamosi jioni, sabato ikishaisha, haikuwa busara kumpelekea shida ndogo ndogo.

Jaribio jingine lilibaki. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango alipita benchi zima la wagonjwa akiwashika mkono, mmoja mmoja, anauliza anatoka wapi na amemwacha nani nyumbani. Wagonjwa arobaini, mikono arobaini, na baada yake ananawa kwa sabuni mpaka viwiko. Mimi nilidhani ni tabia yake tu. Baadaye aliniambia ilianzaje. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja mara tatu kwa kifua, na mara ya tatu Mfawidhi alimuuliza, "Ulishawahi kufika hapa?" Yule mama akajibu, "Mfawidhi, juzi ulinishika hapa," akionyesha ubavu. "Nilikuwa natibu mapafu," aliniambia. "Mtu sikumwona." Akajiwekea ile salamu. Kwanza iwe ya mwezi mmoja, aone kama itamsaidia au itamchelewesha tu. Ilimchelewesha, na hakuiacha mpaka anastaafu.

Lakini watu wakimkumbuka Mfawidhi wanakumbuka zaidi habari ya kufunga. Nami nilikuwepo.

Alifunga kila Jumatano, chakula na maji, mpaka jua litue, na alikuwa amefanya hivyo muda mrefu kabla sijafika. Kanisani kwao alisifiwa kwa hilo. Sisi wafanyakazi tuliijua Jumatano kwa njia yetu: kufika saa sita, tulikuwa tunatembea kwa vidole. Karatasi ikikosewa, unafokewa. Mlango ukigongwa vibaya, unafokewa. Hakuna aliyethubutu kuunganisha mambo hayo mawili kwa sauti.

Jumatano moja ya masika alifika binti wa kama miaka kumi na tisa, mke wa mtu, na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa miezi tisa, amekuja kwa chanjo ya surua. Binti alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Alitoa mfuko wa nailoni, ndani yake kadi ya kliniki imekuwa uji. Mto ulikuwa umejaa, alivuka, akateleza. Maandishi yote yalikuwa yamekwenda.

Mfawidhi aliichukua kadi ile kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

Binti akaeleza, taratibu, kwa Kiswahili cha kutafuta.

"Kadi ya mtoto unaitunza kama gazeti la kufungia dagaa! Sasa mimi nitajuaje alichanjwa nini? Wewe ni mama wa namna gani?"

Benchi lote lilikuwa linasikia. Binti alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akageuka, akatoka. Nilimwona akishuka kilima. Ningeweza kumkimbilia, jina lake lilikuwa kwenye rejesta yetu, tungeandika kadi mpya kwa dakika kumi. Sikumkimbilia, kwa sababu nilimwogopa Mfawidhi, na hilo nimelibeba mwenyewe.

Hakurudi tena. Miezi kadhaa baadaye surua ikapita vijiji vya upande ule. Tuliletewa watoto wengi, na siku moja akaletwa yule, amebebwa na baba yake, binti akifuata nyuma na macho yake yakiwa chini. Mtoto alilazwa hospitali ya wilaya. Alipona. Lakini jicho la kulia lilibaki na doa jeupe, na daktari alisema halitaona tena vizuri.

Siku habari hiyo ilipofika, Mfawidhi aliingia ofisini, akafungua rejesta ya miezi ile, akakaa nayo. Nikaingia na chai. Akaniuliza, "Ilikuwa siku gani ya wiki?"

Nilijua, na yeye alijua.

"Jumatano, Mama."

"Siku zote ninakuwa hivi Jumatano?"

Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Siku zote."

"Miaka yote hii. Na hamkuniambia."

"Tungekuambiaje? Ulikuwa umefunga kwa ajili ya Mungu."

Akafunga rejesta. Kisha akasema Jumatano ijayo twende kwao yule binti.

Tulitembea kwa muda wa saa mbili. Yeye alikuwa amefunga, kwa mara ya mwisho, ingawa sikujua hivyo wakati ule. Mji wao ulikuwa nyumba tatu na zizi, wimbi limeanikwa kwenye turubai. Mama mkwe wa binti alituona kwa mbali, akaanza kutoa vigoda na kufuta vumbi kwa khanga. Mkubwa wa serikali amekuja na raba zake nyeupe, kuna nini? Yule binti alikuwa anatwanga. Aliacha mchi ndani ya kinu, akasimama tu.

Mfawidhi hakukaa. "Mimi nilimfokea huyu mbele za watu," alisema kwa Kikurya, na mume wa binti akanitafsiria kwa kunong'ona. "Alivuka mto kumleta mtoto, na mimi nikamfukuza. Jicho la mtoto lile, kosa ni langu. Sikutaka kuja kusema kwa siri. Nimekuja kumwomba radhi mbele za watu."

Mama mkwe alishtuka. Kwao haijawahi kuonekana. "Mfawidhi, usiseme hivyo. Huyu ni mtoto tu."

"Si mtoto. Ni mama wa mtoto."

Tulimngoja binti. Nilitamani aseme amesamehe, tupumue, turudi. Hakusema. Alisema, "Siku ile nilitoka hapa bado giza." Hayo tu. Akaingia ndani.

Tulikaa kwenye vigoda. Kuku walikuwa wanadonoa pembeni mwa turubai na hakuna aliyewafukuza. Nilifikiri ndiyo basi, tutaondoka hivyo hivyo. Kisha binti akatoka na kikombe kikubwa cha uji wa wimbi, moshi unapanda, akaja moja kwa moja kwa Mfawidhi, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Mimi nilitazama jua. Ilikuwa saa tano asubuhi, Jumatano.

Mfawidhi akapokea. Alikunywa polepole, mpaka chini, akakung'uta tone la mwisho. Binti alisimama mbele yake muda wote, anamtazama akinywa. Alipomaliza, akampa kikombe na kusema asante, na binti akajibu, "Karibu." Tukaondoka.

Njiani nilimuuliza kama ataanza upya wiki ijayo. "Hapana," akasema. "Mungu hakuniambia nijinyime uji ili nimle mtoto wa mwenzangu." Baadaye alipotulia akaongeza kwamba kufunga si kubaya, wako watu kunawalainisha, mumewe mwenyewe akifunga anakuwa kama maziwa. "Mimi kunanifanya mkali. Nimeshajua. Wewe ujipime mwenyewe."

Kanisani kwao hawakufurahi. Mama mmoja kiongozi alipanda mpaka zahanati kumuuliza kama imani imepoa. Mfawidhi alimkalisha, akampima presha, akamkuta iko juu, na wakamaliza muda wote kwenye chumvi na mafuta. Ila mtoto yule Mfawidhi hakumwacha. Kila mwezi, mpaka anaanza shule, alikuwa anapeleka kitu, au anapita tu kumwona. Binti alimzoea. Sijui kama alimsamehe. Mfawidhi naye alisema hajui, na kwamba hakwenda kule ili asamehewe.

Nisimfanye malaika. Kipimo chake hicho, cha kuangalia sala inazaa tunda gani, kilimpotosha pia, na mara moja kilimpotosha vibaya.

Tulikuwa na mtaalamu wa maabara, kijana wa upande wa Sirari, fundi wa darubini kweli. Kila siku saa sita alikuwa anafunga mlango wa maabara na kusali kwa sauti, saa nzima, wagonjwa wakingoja majibu ya malaria kwenye jua. Mfawidhi akaona sala hiyo inamnufaisha kijana tu, wengine wanaumia. Akamwita. "Mura," akasema, neno lao la kumwita kijana, "sala inayowasimamisha wagonjwa juani si sala. Iache." Kijana akaiacha.

Haikufika wiki mbili akaja kazini mdomo unanuka. Wiki iliyofuata hakuja siku mbili. Mfawidhi akamfuata chumbani kwake, akarudi naye, wakakaa kwenye benchi la nje, mimi nikiwa dirisha la dawa. Nilisikia kila kitu.

"Madam, mimi nilikuwa mlevi kabla nije hapa," kijana alisema. "Hiyo saa sita ndiyo mwili huanza kudai. Hiyo lisaa ndiyo ilikuwa inanishikilia. Sasa uliniambia niache, nikaacha, nikabaki na nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniandikia barua."

Alisema kweli, angemwandikia. Mfawidhi akavua miwani, akaifuta na kona ya gauni. "Nimemkatiza mtu dawa," akasema, "bila kumuuliza anaumwa nini."

Kesho yake alibadilisha ratiba. Damu zote zikawa zinachukuliwa kabla ya saa nne, ili kufika saa sita majibu yawe yametoka. Na saa sita yenyewe ikifika, mara nyingi nilimkuta Mfawidhi amesimama kwenye korido, mgongo kwa mlango wa maabara, anamwambia anayekuja, "Ngoja kidogo tata," yaani baba, "mtaalamu yuko kwenye matibabu." Kijana yupo kazini mpaka leo.

Baada ya hapo alipunguza kutoa hukumu. Alianza kuuliza zaidi: unafanya hivyo kwa ajili ya nini, ulianza lini, kabla ya hapo ulikuwaje. Nadhani bila kosa lile asingejua namna ya kunisaidia mimi.

Mimi nilikuwa nimepoteza mimba ya miezi saba. Niliipoteza Njombe, nikiwa likizo, na nikarudi kazini baada ya siku chache kwa sababu sikujua nikae wapi na nifanye nini. Hapo ndipo zile alfajiri zilipoanza, na si alfajiri tu. Nilifunga siku ishirini na moja. Nilijiunga na vikundi vitatu vya maombi kwenye simu. Nilikuwa na daftari la mistari ya kukariri na daftari la shukrani, na nilijilazimisha kuandika shukrani kumi kila siku huku sioni hata moja. Kila nilichosikia kimemfaa mtu, nilikiongeza. Mume wangu alikuwa anakula peke yake. Yeye naye alikuwa amepoteza mtoto, na sikuwa nimekaa naye hata mara moja tukaliongea.

Siku chache baada ya lile swali la kuudhi la chumba cha sindano nilienda kwa Mfawidhi mwenyewe. Nilikuwa nimemuuliza mume wangu. Alikuwa amejibu, "Nakusikia unasali, halafu nasubiri labda utakuja." Nilimweleza Mfawidhi hivyo, nikalia kwenye kiti cha wagonjwa.

Hakunihubiria. Aliniuliza ninafanya mambo gani, yote, tangu asubuhi. Nikayataja, na kadiri nilivyoyataja ndivyo nilivyochoka.

"Ukiwa katika hayo unakuwa wapi?" akauliza. "Unakuwa na Mungu, au unakuwa umejificha?"

Nikasema sijui.

"Mimi kuna kitu nimekiona. Nikikosea uniambie, siku hizi nauliza kwanza. Tangu urudi, unazalisha vizuri kuliko zamani. Mikono yako ni mizuri. Lakini mtoto akishalia tu, unamfuta, unampa mama yake, unatoka. Unakwenda kuosha vyombo ambavyo mhudumu angeosha. Kila mara."

Sikuwa nimejua. Aliposema, nilijua.

"Jaribu kukaa," akasema. "Usisali, usiseme kitu. Kaa kwenye kigoda mpaka mtoto anyonye mara ya kwanza. Mwezi mmoja. Ukiona inakuumiza bure, unaniambia, tunaacha, na mimi nitakuwa nimekosea tena."

Mtoto wa kwanza nilikaa nimeshika kingo za kigoda. Wa pili nilitoka katikati, nikatapika kwenye beseni alilonishikia Mfawidhi, na yeye akanifuta uso bila kusema niendelee wala niache. Nilimchukia wiki hiyo. Wa tatu au wa nne alikuwa wa mama mmoja wa uzazi wa sita, mwanamke mkubwa mcheshi, aliyezaa asubuhi jua likiingia dirishani. Nilimpa mtoto wake nikakaa. Mtoto alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Nilipoanza kusimama, mama akanishika mkono. "Sista, mbona unaondoka? Kaa, huyu ni mvivu, nisaidie." Nikamsaidia kumweka sawa. Mtoto akashika. Nilisikia sauti ile ndogo ya kumeza, na nikalia, na yule mama, ambaye hakuwa anajua habari zangu, akasema tu, "Ee, lia. Wa kwangu wa tatu sikuwa naye muda mrefu," akaendelea kunyonyesha huku amenishika.

Sijawahi kusali kama nilivyosali pale, na sikuwa na neno hata moja.

Mwezi ulipokwisha, Mfawidhi aliniuliza, na nikamwambia nitaendelea. Vikundi vya simu niliondoka kimoja kimoja. Daftari la shukrani niliacha. Kuamka alfajiri sikuacha. Ila sasa nilimwamsha na mume wangu, tukanywa chai jikoni, tukaanza kuzungumza juu ya mtoto wetu, jina tulilotaka kumpa. Wakati mwingine tulisali baada ya hapo. Wakati mwingine chai tu. Mfawidhi hakuniuliza tena mwalimu anasemaje. Alikuwa anakutana naye sokoni Nyarero, na nadhani uso wake ulimtosha.

Alistaafu miaka michache iliyopita. Mumewe alikuwa ameshafariki, na mwanawe anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii alimchukua akakae kwake Natta. Mimi nilihamishiwa Mugumu, kwa hiyo tulikuwa karibu kwa ramani, lakini miezi ilipita. Kisha nikasikia amepata kiharusi. Nikaenda Jumapili, baada ya ibada, kwa basi dogo, na mfuko wa machungwa.

Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki barazani, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja, na ile sauti iliyofika chumba cha tano ilikuwa inafika kwenye goti lake tu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Neno lilichukua muda. "Umenenepa."

Nikacheka, na yeye akacheka nusu. Mkwewe, mwanamke kijana wa Kiikoma mwenye haraka na upole, aliniletea kiti na kuniambia mama anaendelea vizuri ila ni mbishi. Kumwogesha ni vita. Kumlisha ni vita. Asubuhi anataka avae mwenyewe kwa mkono mmoja, anaanguka. "Ndiyo kwanza wiki iliyopita amekubali," akasema. "Sijui nini kimemwingia."

Alipoingia ndani, nilimuuliza Mfawidhi kama bado anaweza kusali. Lilikuwa swali la hofu yangu mwenyewe. Kumwona vile kulinitisha.

"Maneno yanapotea," akasema. "Naanza Baba yetu, nafika katikati, sijui niko wapi." Akapumzika. "Nimejaribu nyimbo. Zinapotea pia. Nimejaribu kuhesabu majina ya watu. Nawachanganya."

"Sasa unafanyaje?"

Akatazama upande wa mlango alikoingia mkwewe.

"Naogeshwa," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Maisha yangu yote mimi ndiye nawaosha watu. Hata mkoba wangu sijabebewa. Nikiugua, mume wangu alitaka kunipa maji, nilikuwa nasema kaa, nachukua mwenyewe." Neno kwa neno, akifuta mate kwa mkono wa kulia. "Huyu mtoto anakuja na beseni, mimi namfokea. Kila siku. Wiki iliyopita nikasema, ngoja. Mwezi mmoja. Nisimzuie."

"Na unaonaje?"

"Vibaya. Vibaya sana." Jicho moja lilikuwa linacheka, jingine linatoa chozi, na sikujua kama lile ni chozi au ni ugonjwa. "Ni ngumu kuliko kufunga. Lakini yeye ameanza kuimba akiniogesha. Zamani alikuwa haimbi."

Barabarani lilipita gari la watalii, vumbi likaja mpaka barazani likatulia kwenye miguu yake. Alikuwa peku. Nilitazama kucha zake, ndefu, za kidole kikubwa zimeanza kuingia kwenye nyama. Muuguzi haachi kuona. Nilikuwa na kikata kucha kwenye mkoba. Nilikitoa, nikakishika mkononi bila kusema, maana katika miaka minane hakuwahi kuniruhusu hata kumfunga kamba za raba.

Alikiona. Alivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kuchomwa sindano. Kisha akauinua mguu wa kulia, ule uliokuwa bado unamsikiliza, akauweka taratibu mapajani mwangu.

"Anza na huu," akasema. "Huo mwingine utauinua wewe."